Matairi ya Gari la Mama

14 Januari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana ndivyo tulivyolelewa, ugomvi utafuata. Mimi mzima. Binti yangu hajambo, ameanza kujifunza useremala na nyumba nzima inanuka vanishi. Natumaini wifi yangu na watoto nao hawajambo. Nakuandikia barua kwa sababu tangu tumzike baba hupokei simu zangu, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Barua angalau utaishika mkononi kabla ya kuitupa.

Jana mama aliniambia, tena akicheka, kwamba umemtolea matairi yake na kumwekea mengine laini kama mto. Nikamwomba ashuke anisomee kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Akasema maandishi yenyewe madogo, jua kali, nisimsumbue. Basi nikampigia Fundi Upepo pale anapowekea matairi. Akaniambia kweli, umeng'oa yote manne ya ranflati, umeweka ya kawaida.

Nikukumbushe, ingawa unajua. Gari la mama ni la michezo, viti viwili, buti lake halimezi hata sanduku la nguo. Waliolitengeneza hawakuweka mahali pa tairi la akiba kwa sababu lilizaliwa na ranflati, yale yenye mashavu magumu. Hata upepo ukiisha wote, tairi linabeba gari polepole kwa karibu saa nzima, mpaka ufike kwa fundi au mlangoni kwako. Hakuna kusimama pembeni. Hakuna jeki. Hakuna kupiga magoti na kuyapa malori mgongo.

Sitaandika zaidi juu ya hilo. Wewe ndiye uliyeitwa kumtambua baba, mimi sikuwepo. Lakini najua alikuwa amepiga magoti, na najua spana ilikuwa bado mkononi. Mimi ni mkaguzi wa ajali wa bima. Picha za barabarani zinanifikia mezani kila asubuhi, na siku ile ripoti ya baba ilipita kwenye meza ya mwenzangu kabla sijapata habari nyumbani.

Mama alipouza pikapu ya marehemu na kununua kigari chekundu, tulishangaa wote wawili. Nilikubali kwa sababu moja tu, nayo ni yale matairi.

Yarudishe.

Dada yako


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako, si ya barua yako.

Huku wote wazima. Kitinda mimba wangu ameng'oka meno ya mbele na sasa jina lake mwenyewe linamshinda. Dukani nimepata mashine mpya ya kupimia macho; wateja wanaiogopa, wanaiita tochi ya polisi. Mke wangu hakutuma salamu, nami sikumwomba. Bahasha yako ina anwani mpya, na shemeji hukumtaja hata kwa neno. Siulizi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Ranflati ni ubao uliovishwa mpira. Wewe umezisoma kwenye karatasi, mama amezikalia. Kila tuta la barabarani lilimpanda mgongoni hadi shingoni. Akifika kwangu anashuka kwenye gari kwa vituo, mkono mmoja kiunoni. Halafu mwezi wa kumi na moja alikanyaga boliti. Alifika nyumbani, ndiyo, tairi lako lilimfikisha. Lakini Fundi Upepo akasema ranflati likishakimbizwa bila upepo halizibwi, linatupwa, na kipimo chake hapa hakipo. Gari likakaa chini ya turubai mpaka paka wakazaa ndani ya bampa. Nikaamua. Ya kawaida yanapatikana kila kona, yakitoboka yanazibwa, na mama anasema sasa anaisikia redio.

Nyumba usiyolala hujui ila yake. Siku ya mazishi ulisimama mbele ya waombolezaji ukaniuliza, "Wewe uliyekuwa karibu, ulikuwa unafanya nini?" Watu wakaniangalia kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Sikukujibu siku ile. Nakujibu leo: nilikuwa hapa. Niko hapa bado. Anayebadilisha balbu za mama ni mimi, na anayechagua matairi yake ni mimi.

Mdogo wako


3 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa heshima ya wazazi walioifundisha hiyo shikamoo.

Binti ametengeneza kigoda chake cha kwanza, kinachechemea kama mzee, tumekiweka sebuleni hata hivyo. Mtoto wako mpe pole ya meno.

Mgongo wa mama nimeusikia. Sasa nijibu swali ambalo umelizunguka kama mbuzi anavyozunguka kigingi. Ukiweka matairi ya kawaida kwenye gari lisilo na la akiba, unabeba kitu kingine badala yake, yaani chupa ya gundi ya kuzibia na pampu ndogo, au tairi jembamba la dharura nyuma ya kiti. Hata anayejifunza kuendesha analijua hilo. Fundi Upepo anasema alikuletea chupa na pampu mpaka mkononi. Ukamwambia azirudishe kwenye rafu. Akakuambia basi afunge tairi la dharura nyuma ya kiti cha abiria. Ukamwambia, "Acha." Akadhani umekasirishwa na bei. Mimi nakujua tangu ukiwa na makamasi, haikuwa bei.

Mtu anayeuhurumia mgongo wa mama kisha akamwacha barabarani bila hata chupa ya gundi, huyo anataka nini?

Nimeagiza seti mpya ya ranflati, za siku hizi, mashavu yake si magumu kama ya zamani. Zitafika dukani kwako. Zipeleke zikafungwe. Siombi.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wazima wote.

Matairi yamefika. Yako stoo nyuma ya duka, chini ya maboksi ya fremu za miwani. Hayatafungwa.

Mama yuko salama kuliko unavyodhani. Anaendesha hapa hapa mjini, sokoni na kwangu basi. Safari zile za Jumatano za kuvuka vilima kwenda kwa mama mdogo ameziacha. Anaogopa pancha, kwa ajili ya baba, na anajua hana tairi la akiba. Hilo si baya. Usiniulize zaidi ya hapo.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo. Binti hajambo. Hayo yametosha.

Mama amenipigia Jumapili. Hakulia, unamjua. Alikuwa mkalimani wa mahakama maisha yake yote, alitafsiri watu wakihukumiwa kifungo na sauti haikumtetemeka. Lakini aliniambia hajamwona mdogo wake tangu uweke hayo matairi yako. Mama mdogo ameanguka bafuni, nyonga imeumia, hatoki kitandani. Mama anasema, "Nikifika kilimani tairi likatoboka, nitafanya nini mimi? Nipige magoti kama baba yenu?" Nikamwambia mwanao si anaweza kukupeleka? Akasema, "Anasema duka halifungiki."

Kumbe ndiyo maana. "Hilo si baya," umeniandikia, kwa mkono wako. Ulijua. Ulimwekea matairi ya kawaida ukamnyima chupa ya gundi ili asitoke. Umemfunga mama yetu kwa hofu ya kifo cha mume wake. Mbuzi hufungwa kamba, yeye umemfunga kaburi. Na kwa nini? Akae karibu akulelee watoto wakati wewe na mkeo mnauza miwani? Nimekaa nalo siku kadhaa nikitafuta sababu nyingine yenye heshima. Sikuipata.

Sikuandikii kuomba. Nimeshazungumza na Fundi Upepo. Atakuja kuchukua matairi yangu stoo kwako, na mama ameshakubali kumpelekea gari. Na kama utakaa mlangoni kumzuia, wifi yangu ameniambia ufunguo wa stoo anao.

Ndiyo, nimempigia mkeo. Yeye hupokea simu.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Mama yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu kwenye simu mke wangu alikuambia "ajali", ukaanza kupiga kelele, laini ikakatika, na mimi nilikuwa hospitali siwezi kushika simu wala sikutaka. Amevunjika kifundo cha mkono wa kushoto na mfupa wa bega. Uso una michubuko. Anakula, anagombana na wauguzi. Atapona.

Sasa kaa chini.

Alienda kwa mama mdogo Jumatano, kwa ranflati zako, roho yake imetulia. Wakashinda pamoja. Wakati wa kurudi, mahali fulani kabla ya vilima, tairi la mbele kushoto lilipata tundu. Fundi Upepo amekuta msumari. Upepo ukaisha. Na tairi lako likafanya kazi yake sawasawa: likakaza mashavu, likabeba gari, usukani haukutikisika wala haukuvuta. Tairi la kawaida lingepiga kelele, lingemtingisha mpaka meno. Lako lilinyamaza, likaiachia taa ndiyo iseme. Taa ya njano ya upepo wa matairi, kwenye dashibodi. Iliwaka. Ilikuwa bado inawaka mimi nilipofika, na gari limeinamia rundo la matofali.

Taa ilimtazama usoni njia nzima na hakuiona.

Alikwenda mwendo wake wa kawaida, mbali kuliko tairi lile linavyoweza kuvumilia likiwa tupu. Kwenye kona ya kushukia mjini likachanika vipande. Gari likaingia kwenye uwanja wa wafyatua matofali, likasomba safu nzima. Mtu aliyekuwa akipanga safu hiyo alikuwa amesogea kwenye pipa kunywa maji. Nimemwona. Alikuwa amekaa chini ameshika kikombe kitupu.

Sababu uliyoitafuta ukaikosa ni hii. Mwaka jana mwezi wa kumi mama alikaa kwenye kiti changu dukani, nikamwonyesha ubao wa herufi. Nikamwambia, "Soma mstari wa chini."

Akasema, "Herufi ya katikati haipo."

"Ipo, mama."

"Basi uliifuta wewe."

Nikashusha, nikapandisha, nikabadilisha lenzi zote nilizonazo. Kila anachokitazama katikati kinafutika, pembeni anaona vizuri. Nikampeleka kwa daktari mkubwa, akasema nilichokuwa nakijua: ni sehemu ya kati ya jicho inayokufa, na hakuna miwani ya kuirudisha. Tulipotoka mama alisimama kwenye korido akanishika kola ya shati kama nina miaka saba. "Maisha yangu yote nimesema maneno ya wengine," akasema. "Hili ni langu. Halitafsiriwi kwa mtu, na kwa dada yako hasa. Ukisema, mimi si mama yako."

Nilimwomba ufunguo wa gari. Nilimwomba mara nyingi. Unadhani mtu anamnyang'anya yule mwanamke ufunguo? Ndiyo nikafikiria matairi. Anaogopa pancha kuliko anavyoogopa Mungu. Nikasema bila tairi la akiba hataenda mbali, mjini atakwenda polepole, siku zitapita, mwisho ataachia mwenyewe. Mgongo ulikuwa kisingizio, ingawa kweli ulikuwa unamuuma.

Ukampa mbawa. Ukampa mbawa asione pa kutua.

Sasa umejua. Furahi na matairi yako.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, na nikaisoma tena nimekaa kwenye kile kigoda kinachochechemea. Nimeongea na mama. Ameniambia anaendelea vizuri na akaniuliza hali ya hewa. Nikamwambia najua kuhusu macho. Akakata simu.

Usitegemee niseme samahani. Nitakuambia ninachokiona, na mimi kazi yangu ni kuangalia ajali na kusema imetoka wapi.

Ulikuwa na neno moja. "Haoni." Ungeliandika Februari, nisingeagiza tairi hata moja. Ulikuwa nalo Aprili ukaandika "usiniulize". Ukalifukia chini ya maboksi ya fremu pamoja na matairi. Wewe, mtu ambaye riziki yako ni kuwaambia watu ukweli wa macho yao, mbele ya mama yako mwenyewe ukafumba mdomo ukatumia mpira.

Tena ukajisifu kwamba anaendesha "hapa hapa mjini". Mjini ndiko kwenye watoto, ndugu yangu. Njia ya sokoni inapita mbele ya shule. Kilimani angekutana na tofali, mjini angekutana na mwanao asiye na meno akivuka barabara, katikati kabisa, pale mama asipoona. Hilo ulilipimaje, kwa mashine gani? Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe ulimchelea mama.

Na mimi, ndiyo, nilimwomba asome maandishi ya tairi, akasema madogo. Nilisikia. Nikaendelea na hasira zangu kwa sababu zilikuwa tamu. Hilo nalijua, usinikumbushe.

Siwezi kuja sasa. Umeuliza bila kuuliza kuhusu shemeji yako: haishi hapa. Alihama mwaka jana, mimi na binti tukahama baada yake, na likizo yangu yote niliimaliza kwenye korido za mahakama. Mama alijua. Alinishauri maneno ya kusema na ya kutosema. Kumbe na yeye alinificha yake huku akinitunzia yangu.

Barua hii umsomee. Yote, na matusi yake. Usipunguze.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimemsomea. Ametoka hospitali, yuko kwangu, amechukua chumba cha watoto na anawaamrisha kama makarani. Alikaa kwenye kiti cha dirishani, mkono kwenye bandeji ya shingoni. Nilisoma yote. Nilipofika kwenye "ukatumia mpira" nikashusha sauti kidogo, akasema, "Soma kama ilivyoandikwa. Mkalimani hapunguzi." Nikasoma kama ilivyoandikwa.

Nikamaliza. Mke wangu alikuwa mlangoni na chai, hakuthubutu kuingia.

Kisha mama akasema, "Nimekaa katikati ya watu waliochukiana tangu kabla hamjazaliwa. Kila upande unakuja na ushahidi wake. Lakini hakimu, hata yule mbaya kuliko wote, lazima amgeukie mshtakiwa amuulize, wewe unasemaje? Nyie wawili mmeandikiana tangu Januari. Mmoja ananipa matairi nisiende, mwingine ananipa matairi niende. Nani aliniuliza?"

Nikamwambia, "Ungeulizwa, ungesema utaendesha."

"Ndiyo," akasema. "Ningesema hivyo. Kisha mngenikatalia usoni, nami ningewachukia mwezi mmoja nikapoa. Mmeniogopa. Mwanangu ananiogopa hapa, binti yangu ananiogopa kwa mbali. Na yule mtu wa matofali nusura alipie yeye."

Hapo sauti yake ilitetemeka, dada. Mara ya kwanza kumsikia. Si alipokuwa anazungumza juu yake wala juu yetu, ni pale alipofika kwa yule mtu.

Juzi aliniamuru nimpeleke uwanjani pale. Alishuka, akamtafuta kwa sauti kwa sababu hawezi kuuona uso wake, akasimama mbele yake akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Sioni. Nilijua kwamba sioni." Yule mtu alikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, akawa hajui aweke wapi mikono. Akasema, "Mama, mimi nilikwenda tu kunywa maji." Kisha akamwambia pole ya mkono, mama akasema asante, tukaondoka. Kufika nyumbani, akatoa ufunguo wa gari mfukoni akauweka mezani, karibu na sukari.

Gari halitauzwa. Amekataa. Bampa na taa zimetengenezwa, linatembea. Anasema Jumatano duka langu litafungika, kwa sababu kinachofungwa kisifunguke tena ni kaburi tu, na nitampeleka kwa mama mdogo mimi mwenyewe. Dereva mmoja, abiria mmoja, ndivyo gari lilivyo.

Kwa hiyo tuko pale pale tulipoanzia. Matairi gani? Fundi Upepo anasubiri jibu. Ya kawaida yangu yapo, yamepumzika. Ranflati zako zimebaki tatu na atahitaji kuagiza moja. Simuulizi mama, mgongo wake utajibu. Nakuuliza wewe. Si kwa mapenzi. Wewe ndiye unayeona picha.

Mdogo wako


13 Julai

Mdogo wangu,

Dereva anaona?

Kama anaona, weka ranflati. Wewe taa utaiona, ukiiona punguza mwendo na uende nayo polepole mpaka kwa fundi. Mgongo wa mama mnunulie mto. Sababu nyingine sina. Ninayo, ila nilishaiandika Januari: sitaki mtu wangu apige magoti kando ya barabara ile, hata mtu nisiyeongea naye.

Tairi la nne nimeagiza.

Bado nina hasira na wewe. Nilidhani zitaisha nikishajua sababu, hazikuisha.

Dada yako


24 Agosti

Dada,

Shikamoo. Huku wazima. Mtoto meno yameanza kuchungulia. Bandeji ya mama imetolewa, mkono umekonda lakini unashika kikombe.

Ranflati zimefungwa zote nne. Tumeshakwenda Jumatano kadhaa. Mto nilinunua, anaukalia na bado kila tuta anasema, "Salamu kutoka kwa dada yako." Mimi nami sasa nimezikalia, na nilikuwa sahihi, ni ubao. Lakini kwenye kona za kilima gari linashika barabara kama limebandikwa kwa gundi, na nimejikuta natabasamu kama mwizi. Sikutaka ujue hilo.

Mama mdogo ameanza kusimama kwa fimbo. Akimwona mama anaingia anasema, "Kipofu ameletwa na bubu," maana njia nzima mimi sisemi, naangalia taa. Wanacheka mpaka nyonga inamuuma.

Kuna jambo nimeligundua. Mwanzoni nilidhani mama ananikagua ninavyoendesha, ananitazama usoni njia nzima, nikachukia. Jumatano iliyopita nikamwambia, "Mama, tazama nje, kuna mandhari."

Akasema, "Si ndiyo naitazama."

Ni jicho lake. Katikati hakuna kitu, pembeni ndiko kulikobaki. Akinielekezea mimi uso, vilima vinamwingia kwa pembeni, mashamba, watu, matofali, yote. Akitaka kuniona mimi, anageukia dirishani. Tulipofika kileleni aligeuka akatazama nje kwa muda mrefu, nami nikajua sasa ananitazama mimi. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

Sijasamehe ulichosema siku ya mazishi. Nawe endelea na hasira zako, ni haki yako. Lakini ukipata likizo, gari lina viti viwili, na kimoja ni cha mama. Ufunguo upo mezani. Siku hiyo mimi nitabaki dukani.

Mdogo wako